Shajara ya mradi: sanamu nne za kutisha, kimo cha mtu, kwa ajili ya ua wa mbele

Agosti 16: Mpango na vipimo

Ninaandika shajara hii kwa ajili ya yeyote anayetaka kutengeneza kwa mikono yake sanamu zenye kimo cha mtu, azisimamishe uani usiku wa Halloween, sikukuu ya mambo ya kutisha ya Oktoba 31, na apitaye njiani ashtuke kweli. Nitaongeza maelezo kila hatua ikikamilika. Hatua za kawaida nitazigusa tu. Pale kitu kinapogoma nitaeleza kwa kirefu, maana hapo ndipo vifaa na muda hupotelea.

Sanamu ni nne. Mchimbaji ameinamia sepetu yake. Mjane amejifunika shela na ameshika taa. Mtambaaji anatoka ardhini, yaani ni kichwa, mabega na mikono tu. Mlinzi ni mrefu, amevaa joho lenye kofia, na kichwa chake kitageuzwa na mota. Masharti niliyoyaweka ni matatu: zistahimili mvua na upepo, zifunguke vipandevipande ili zihifadhiwe mahali padogo, na zionekane vizuri usiku kwa mtu aliye mita sita hadi nane.

Vipimo kwanza. Wachoraji humgawa mtu mzima aliyesimama katika vichwa saba na nusu. Kwa mtu wa sentimita 175, kichwa kutoka kidevuni hadi utosini ni kama sentimita 23. Nusu ya kimo iko kwenye kinena, wala si kiunoni. Mikono ikinyooshwa kushoto na kulia, upana kutoka ncha ya vidole hadi ncha ya vidole hukaribia kimo chenyewe. Ikining'inia, vidole hufika katikati ya paja. Kiganja kikiwekwa usoni hufunika kutoka kidevuni hadi karibu na mwanzo wa nywele. Nimeviandika vyote kwenye ubao mrefu ulioegemezwa ukutani, na kila kipande kitapimwa hapo kabla ya kukatwa.

Sanamu nyingi za nyumbani huharibikia katika mambo mawili: kichwa kikubwa na mikono mifupi. Jicho limezoea umbo la binadamu tangu utotoni, na hugundua kasoro hiyo hata gizani, kabla mwenye jicho hajajua kinachomsumbua. Badala ya kuogopa, anaona mwanasesere.

Kazi ya mwisho leo ilikuwa picha. Nilimwomba rafiki asimame katika kila mkao ninaoutaka, nikampiga picha kutoka mbele na kutoka ubavuni, kisha nikachora mistari ya mifupa juu ya picha hizo. Mistari hiyo ndiyo ramani ya viunzi.

Agosti 23: Viunzi

Mabomba ya plastiki ya PVC ya robo tatu inchi kwa miguu na uti wa mgongo, ya nusu inchi kwa mikono. Viungio vya tii, elbo na vya digrii 45. Kukata ni kwa msumeno wa chuma, na kila kiungio kimefungwa kwa skrubu moja badala ya gundi, ili kifunguke baadaye. Mbao zingefaa pia, ila huongeza uzito na hufyonza maji.

Kiunzi cha kwanza cha Mchimbaji kilisimama imara na kilikuwa kibaya kupita kiasi. Viungio vya dukani vina pembe zake, na mwili wa mtu hauna pembe hizo. Mabega yalilala sawa kama mizani, magoti yote mawili yamenyooka, shingo imesimama wima. Hata angevikwa nguo gani, angebaki kuwa mlingoti.

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza ni kupinda mabomba. Plastiki hii hulainika ikikaribia nyuzi joto 80 za Selsiasi. Jaza bomba mchanga mkavu, ziba ncha zote mbili, lizungushe taratibu mbele ya mashine ya hewa moto mpaka lilegee, lipinde kwenye goti lako lililofunikwa gunia nene, kisha lifunge kwa kitambaa chenye maji baridi. Mchanga hulizuia lisijikunje na kuvunjika kwenye kona. Fanya kazi hii nje, na plastiki ikianza kugeuka rangi, sogeza moto mara moja: ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, nayo huchoma koo na mapafu.

Dawa ya pili ndiyo kubwa. Mtazame mtu aliyesimama bila kujali. Uzito wake uko kwenye mguu mmoja. Nyonga ya upande huo hupanda, bega la upande huohuo hushuka, goti la pili hulegea, na kichwa hulala kidogo ili kusawazisha. Nilipopandisha nyonga ya kulia ya Mchimbaji kwa sentimita nne na kushusha bega la kulia kwa kiasi hicho hicho, bomba tupu lisilo na nguo wala kichwa lilianza kuonekana kama mtu aliyechoka. Nilirudi nikafumua viunzi vyote vinne kwa ajili ya jambo hili. Kama una muda wa kufanya kitu kimoja tu vizuri katika mradi wote, fanya hiki.

Gharama ya hatua: karibu mita 20 za bomba, na vipande vilivyoharibika vilitosha kujenga mkono mzima. Vipande hivyo usivitupe, vitatumika kwenye mbavu.

Agosti 30: Miili na mikono

Kwa kiwiliwili cha Mchimbaji na mikono ya Mjane tulitumia njia ya tepu: unamfunga mtu hai kwa nailoni nyembamba ya jikoni, unamzungushia tepu pana ya kufungia maboksi, matabaka matatu, kisha unakata mgongoni kwa mkasi wenye ncha butu, anatoka, na unafunga mkato huo kwa tepu tena. Unabaki na ganda la mwili wenye mikunjo na mabega ya kweli.

Tahadhari zake ni za kushikwa sawasawa. Usifunge shingo wala kichwa cha mtu hata kidogo. Usikaze: tepu ikibana, damu haipiti na kifua hakipanuki. Anayefungwa asikaze magoti kwa muda mrefu, maana mtu aliyesimama hivyo huweza kuzimia, na jasho lake halina pa kutokea. Sehemu moja kwa wakati, maji ya kunywa karibu, na asiachwe peke yake.

Ganda likishatoka hujikunyata. La Mchimbaji nililijaza magazeti yaliyofinyangwa, na kulipokucha lilikuwa limelegea tumboni kwa unyevu wa usiku. Magazeti yakatoka, zikaingia mbavu: pete za bomba zilizopindwa, tatu za kifua na moja ya kiuno, zimefungwa kwenye uti wa mgongo, na mifuko ya plastiki iliyokunjwa kujaza nafasi. Halijalegea tena.

Mikono ya viganja ilisumbua kuliko kitu chochote. Glovu zilizojazwa povu la kopo zilivimba, vidole vikawa vya unene mmoja mwanzo hadi mwisho, kama soseji. Povu hilo likishika ngozi halitoki kwa maji, na mvuke wake wakati linaumuka haufai kuvutwa, kwa hiyo glovu za kazi, miwani na hewa wazi ni lazima hata kwa jaribio dogo. Njia iliyofaulu ni ya waya. Kiganja cha mtu kina mifupa 27, na kinachohitajika ni kuufuata mpangilio wake: vidole vinne vyenye vipande vitatu kila kimoja, gumba vipande viwili. Kata waya wa kufungia nondo, uukunje mara mbili, pinda kwenye kila kifundo, kisha zungushia vitambaa vyembamba vilivyolowa gundi, tabaka nene kwenye vifundo na jembamba katikati. Acha kidole kimoja kimepinda zaidi ya vingine. Kiganja chenye vidole vilivyopangika sawasawa ni cha mwanasesere.

Septemba 6: Vichwa viwili vyapotea

Vichwa vya povu jeupe gumu, lile la kufungashia vifaa vya umeme, ni vyepesi na huchongeka kwa kisu kikali. Nilichonga viwili, cha Mjane na cha Mlinzi, nikavisugua kwa msasa, nikavipulizia rangi nyeusi ya kopo. Uso wa Mjane ulianza kuzama mbele ya macho yangu. Viyeyusho vilivyomo kwenye rangi ya kupulizia huyeyusha povu hilo kabisa, na kazi ya kuchonga pua na vigubiko vya macho ikaisha kwa dakika moja.

Utaratibu unaofaa: matabaka mawili ya gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa kwa maji kidogo, kila tabaka likauke, halafu rangi ya maji kwa brashi. Ukitaka kupulizia baada ya hapo, hakikisha gundi imefunika kila kitundu, na jaribu kwanza kwenye kipande cha povu kisicho na kazi. Kichwa cha Mjane kilichozama sikukitupa. Kimekwenda kwa Mtambaaji, na mashimo yaliyoliwa na rangi yanafanana na uozo kuliko yale ambayo ningeyachonga kwa kisu.

Septemba 13: Karatasi na ukungu

Ngozi ya Mchimbaji na Mtambaaji ni karatasi na uji wa ngano juu ya wavu wa kuku. Uji: kikombe kimoja cha unga kwa vikombe vitano vya maji, upikwe ukikorogwa mpaka uwe mzito na uanze kung'aa, uongezwe chumvi kijiko kikubwa ili kuchelewesha ukungu. Karatasi ichanwe kwa mkono, isikatwe: ukingo uliochanwa hulala na kupotea, uliokatwa huacha mstari. Tabaka moja lielekee juu, linalofuata lielekee pembeni. Karatasi za magazeti zinazong'aa hazifyonzi uji, ziache.

Mgongo wa Mchimbaji ulipakwa matabaka matano kwa mkupuo mmoja. Juu ulikauka, ukagongeka vizuri. Ndani maji yalizidi unga: baada ya siku chache harufu ikatoka, na nilipotoboa nilikuta madoa ya kijani na meusi kati ya matabaka. Ukungu ukishaingia ndani haufunikiki kwa rangi, utatokea tena. Nilivaa barakoa, nikakata sehemu yote iliyooza pamoja na kiasi cha upana wa kiganja kuizunguka, nikaikausha iliyobaki juani, nikaanza upya. Sasa ni matabaka mawili kwa siku, hayazidi, na sanamu inainuliwa kwenye matofali ili hewa ipite chini. Ngozi iliyokauka ina sauti kavu ikigongwa kwa ukucha, na haina ubaridi ukiigusa kwa shavu. Kipimo cha shavu hakijanidanganya hadi sasa.

Septemba 20

Matabaka ya mwisho ya karatasi yamekauka. Msasa, gundi, rangi ya chini. Hakuna la kueleza.

Septemba 27: Nguo za jipsamu

Shela la Mjane na joho la Mlinzi vinatakiwa vionekane vimegandia hewani, mikunjo ikiwa imeganda. Mchanganyiko unaotumika ni sehemu tano za lipu laini ya jipsamu ya kuzibia viungio vya dari, ile inayouzwa ikiwa imeshachanganywa, kwa sehemu moja ya rangi ya maji ya ukutani. Koroga mpaka uwe kama maziwa mazito ya mgando. Chovya kitambaa, kamua kwa vidole, tandaza.

Shuka la kwanza lilikuwa la poliesta. Mchanganyiko uliteleza wote ukaishia chini, likabaki na madoa. Pamba hushika, gunia la katani hushika zaidi na lina nyuzi zinazotokeza vizuri. Angalia lebo kabla hujachovya, kwa sababu lililochovywa halirudi kuwa shuka.

Uzito ndio uliotuonyesha kazi. Shela lililolowa lina uzito mara kadhaa ya likiwa kavu, na mkono wa Mjane ulioshika taa ulishuka taratibu usiku kucha hadi ukagusa paja. Asubuhi ulikuwa umeganda hapo. Tulilazimika kuukata begani, kuingiza nondo nyembamba ndani ya bomba, kuufunga upya na kutandaza kitambaa kipya. Tangu hapo kila kitu kinachoning'inia kinasimamishwa kwa kamba kutoka juu mpaka kikauke kabisa, na chini ya kila mkunjo mkubwa kuna kipande cha wavu wa kuku kinachoubeba. Vilevile, ivishe sanamu nguo hizi ikiwa mahali itakapokaukia. Kuihamisha ikiwa imelowa hupasua mikunjo.

Jipsamu haivumilii mvua. Paka rangi ya maji ya nje, nje na ndani ya mkunjo, halafu vanishi isiyong'aa. Ile inayong'aa usiifikirie: taa ikiipiga, joho zima huonekana kama plastiki.

Oktoba 4: Jaribio la usiku lililobadilisha mradi

Tulizitoa zote nne uani baada ya giza kuingia, tukawasha taa mbili, tukasimama barabarani.

Nyuso zilikuwa zimepotea. Mikunjo ya midomo, mishipa ya kijani kwenye paji la uso, damu iliyotoka puani kwa Mtambaaji, kazi ya majuma mazima, havikuonekana kutoka mita saba. Damu ilikuwa doa jeusi. Sababu inajulikana tangu 1819, alipoiona Jan Purkinje, mtaalamu wa fiziolojia kutoka Bohemia: kadiri mwanga unavyopungua, rangi nyekundu hufifia upesi na kuwa nyeusi, na za bluu na kijani hubaki kuonekana. Chembe za jicho zinazofanya kazi gizani hazitambui rangi, na mwanga unaoziamsha zaidi ni ule wa bluu na kijani, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 500 hivi. Damu ya rangi nyekundu ni ya kutazamwa mchana au chini ya taa nyeupe yenye nguvu.

Nilipaka upya kwa rangi mbili tu. Nyeusi iliyochanganywa na kahawia kwenye kila shimo: matundu ya macho, chini ya mfupa wa shavu, kati ya vidole, chini ya kidevu. Kijivu cheupe chenye ubluu kidogo kwenye kila kilima: nyusi, daraja la pua, vifundo vya vidole, kwa brashi iliyokaushwa karibu yote. Mchana zinaonekana zimepakwa ovyo. Usiku zina mifupa.

Jambo la pili lilihusu Mlinzi. Uso wake ndio uliokuwa umetengenezwa vizuri kuliko wote, na ndio uliotisha kidogo kuliko wote. Rafiki yangu alisema waziwazi: "Huyu nimeshamjua ni sanamu." Profesa Masahiro Mori, Mjapani mtaalamu wa roboti, aliandika mwaka 1970 kwamba kitu kikizidi kumfanana binadamu hutuvutia zaidi, mpaka kinapokaribia kabisa bila kufika, ndipo mvuto huo unapogeuka ghafla kuwa karaha. Kwa mkono wa nyumbani, sehemu hiyo ya karibu-karibu ni ngumu kuipata kwa uso. Uso wetu huishia mbali zaidi, kwenye mwanasesere. Lakini kwa mkao tunaifikia: bega lililoshuka, kichwa kilicholala, mguu uliolegea. Huko ndiko jicho linakobaki na shaka.

Kwa hiyo niliung'oa uso wa Mlinzi. Ndani ya kofia ya joho sasa kuna kitambaa cheusi cha mahameli kilichobonyea ndani, basi. Mahameli hairudishi mwanga, na mtazamaji anachungulia apate uso asiupate. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, usichonge nyuso kabla ya jaribio la usiku kama nilivyofanya. Anza na viunzi, peleka nje usiku vikiwa na nguo kuukuu tu, tazama kutoka mbali, kisha amua uso gani unastahili kuchongwa. Ingeokoa vichwa viwili na gundi nyingi.

Oktoba 11: Upepo

Mchimbaji alianguka. Alikuwa kwenye kitako cha mbao chenye mifuko miwili ya mchanga, na upepo ulimwangusha kifudifudi na kumvunja vidole vitatu.

Hesabu yake inafaa kujulikana na kila mjenzi wa sanamu. Shinikizo la upepo kwa kila mita ya mraba, kwa nyutoni, ni kama 0.61 mara kasi ya upepo katika mita kwa sekunde, kasi hiyo ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe. Upepo wa mita 10 kwa sekunde unatoa nyutoni 61. Joho la Mlinzi likitanda lina karibu mita moja ya mraba, na kwa kuwa si umbo la kupitisha hewa vizuri, ongeza kama sehemu moja ya tano: ni sawa na kumsukuma kwa nguvu ya kuinua kilo saba na nusu, kwenye kimo cha kifua. Upepo ukifika mita 20 kwa sekunde, nguvu haiwi mara mbili. Inakuwa mara nne, kilo 30. Mifuko ya mchanga kwenye kitako chembamba haiwezi.

Suluhisho: nondo za milimita 12, urefu wa mita moja na ishirini, nusu yake imegongomelewa ardhini, moja kwa kila mguu, na bomba la mguu linavishwa juu yake. Bomba linacheza kidogo, kwa hiyo zungushia nondo tepu mpaka likae kwa kubana. Kabla ya kugongomea hakikisha hapana bomba la maji wala waya wa umeme chini, na nondo isiyo na sanamu juu yake ivishwe kopo, maana ncha yake ni hatari kwa anayejikwaa. Kwa Mlinzi niliongeza waya mwembamba mweusi kutoka mgongoni hadi mti ulio nyuma, mbali na njia. Kwenye joho nilikata michano mirefu upande wa nyuma, hewa ipite. Michano hiyo ilileta faida nyingine: ncha za chini zilizoachwa bila jipsamu hupepea kidogo, na mtu haamini tena kwamba kilicho ndani hakipumui.

Oktoba 18: Mota ya Mlinzi

Mota ni ya waipa za gari, volti 12, ya mitumba. Ina gia ya mparafujo ndani, kwa hiyo ina nguvu nyingi kwa mzunguko wa polepole, na ikizimwa kichwa hakirudi chenyewe.

Kuipa kichwa mwendo wa kugeuka huku na huku kunahitaji mkono wa kuzungusha. Kipande cha chuma cha sentimita tatu kwenye mhimili wa mota, fimbo, na wenzo wa sentimita tisa kwenye shingo. Kwa vipimo hivyo kichwa hugeuka karibu digrii 20 kila upande. Mwanzoni vipande vyote viwili vilikuwa na urefu mmoja. Kiungo kilifika mwisho wake, kikakwama, waya ukapata moto, na fyuzi ikakatika. Fyuzi ni kipande kidogo, lakini ndicho kilichoizuia joho isishike moto. Usiunganishe mota bila fyuzi.

Kasi ilikuwa ya pili kuharibu mambo. Kwa volti 12 Mlinzi alitikisa kichwa kama anayekataa kitu. Kwa adapta ya volti 5 aligeuka taratibu, lakini nguvu nayo ilipungua, na kofia ya joho ilimlemea upande mmoja. Nilibandika kokoto ndani ya kofia upande wa pili hadi kichwa kikakaa katikati chenyewe, na mota ikatosha.

Mlio wake ulisikika kwa sababu ubao ulioibeba uliukuza. Vipande vya mpira wa tairi la baiskeli kati ya mota na ubao vimeumeza.

Bado kulikuwa na tatizo, nalo si la ufundi wa umeme. Kitu kinachogeuka bila kukoma huzoeleka upesi sana. Ukikitazama kidogo tu, ni mashine. Nimeweka kihisi cha mwendo kinachotambua joto la mwili linalosogea, kikielekezwa kwenye njia, na nimekirekebisha ili Mlinzi asigeuke mtu anapofika mbele yake, bali anapokuwa ameshampita. Anamwona pembeni mwa jicho. Kihisi hiki kisielekezwe kwenye taa zinazopata joto wala vichaka vinavyotikiswa na upepo vikiwa vimepigwa jua, kitawasha hovyo.

Oktoba 25: Mpangilio na taa

Taa zote ni za LED za volti ndogo. Hakuna mshumaa wala kibatari popote karibu na vitambaa na karatasi, hata taa ya Mjane ina balbu ndogo ya betri. Adapta zimo ndani ya sanduku lililofungwa, limeinuliwa kutoka ardhini, na waya zimezikwa kando ya njia.

Taa moja yenye bluu na kijani, chini kabisa, ubavuni kwa Mchimbaji, ili kivuli chake kipande ukutani kikiwa kikubwa kumzidi. Mjane ana taa yake tu. Mtambaaji hana taa, anapata masalio ya taa ya Mchimbaji, na wengi watamwona mwisho. Mlinzi amewekewa taa nyuma yake, hivyo kinachoonekana ni umbo lake tupu. Tulijaribu kuwaangazia wote wanne na ua ukawa duka la nguo. Giza kati ya sanamu na sanamu lina kazi, liache.

Mtambaaji amesogezwa mita mbili kutoka njiani. Karibu zaidi, mtu anayeruka kwa mshtuko angemkanyaga au angeteguka mguu.

Novemba 1: Usiku ulivyokwenda

Mvua ilinyesha kidogo jioni, rangi ikashika. Nondo hazikutikisika.

Waliosimama muda mrefu zaidi walisimama mbele ya Mchimbaji, ambaye hasogei na ambaye uso wake umeinama hauonekani. Walikuwa wakibishana kama kuna mtu ndani, na hakuna aliyetaka kusogea kuhakikisha. Mlinzi alifanya kazi yake kwa waliokuwa wanaondoka. Mjane alipigwa picha nyingi lakini hakumtisha mtu, mkao wake ulinyooka mno. Tulipoukata na kuuunga upya mkono, bega lilirudi likiwa limelala sawa na lile jingine, na hilo lilitosha.

Watoto wadogo walipofika nilizima mota kwa swichi iliyofichwa nyuma ya nguzo na kuongeza mwanga. Swichi kama hiyo iwekwe mapema, mahali unapoweza kuifikia bila kuonekana.

Novemba 8: Kufungua, kuhifadhi, gharama

Viunzi vimefunguka kwenye skrubu bila shida, isipokuwa magoti ya Mchimbaji yaliyokuwa yamezibwa na rangi. Safari nyingine skrubu zifunikwe kwa tepu kabla ya kupaka. Kila kipande kina herufi na namba iliyoandikwa kwa kalamu isiyofutika. Vya karatasi vimehifadhiwa vimekauka, juu ya rafu, bila kufungwa kwenye nailoni, unyevu usijikusanye. Joho na shela havikunjiki, vinabaki vimesimama.

Kilichokula fedha nyingi zaidi ni rangi na vanishi, kikifuatiwa na mchanganyiko wa jipsamu, ambao ndoo moja nzima ilikwenda kwa shuka la poliesta na mkono wa Mjane ulioanguka. Mabomba yalikuwa nafuu. Mota, wavu wa kuku na nguo ni vya mitumba au vilivyookotwa. Kihisi na adapta vitatumika tena. Ukifuata utaratibu wa kuanza na mkao, kuzijaribu usiku mapema na kuacha nyuso mwisho, utahitaji karibu nusu ya rangi niliyotumia.

Kazi inayofuata ni Mjane: nyonga ya kushoto ipande, bega la kushoto lishuke, kichwa kimfuate anayemwangaza kwa taa. Nitavua shela lote na kulitandaza upya, kwa gunia la katani badala ya shuka. Nitaandika likishakauka.